Vyembe vizito vya mishale ya mti: kipi kinafaa kununuliwa, kipi kiachwe dukani

Chembe (ncha ya chuma ya mshale) cha mazoezi cha greni 125, kile cha kuvika kwa gundi mbele ya wano (ufito wa mshale) la mti, hakimsumbui mtu kukipata. Cha 160 kinahitaji kutafuta kidogo. Cha 190 kipo kwenye orodha ya muuzaji, ila kipenyo unachotaka ndicho kimeisha. Ukipanda hadi 250 au 300 utaelekezwa kwenye vyembe vya kufunga kwa hesi (mifereji kama ya skrubu), vinavyotengenezewa mishale ya kaboni na alumini, kwa kuwa huko ndiko wanunuzi wengi waliko. Matokeo yake, mwindaji mwenye kigumba (ncha yenye makali ya kuwindia) cha greni 200 hufanya mazoezi kwa chembe cha 125, halafu anashangaa mishale ya aina mbili inakwenda pande mbili.

Aina zinazouzwa zenyewe hazilingani ubora hata kidogo, na uzito ulioandikwa kwenye pakiti ndio jambo la mwisho la kutazama.

Uzito unatoka wapi

Greni 1 ni gramu 0.0648. Kwa hiyo greni 125 ni gramu 8.1, 160 ni gramu 10.4, 190 ni gramu 12.3 na 300 ni gramu 19.4. Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu inatosha kwa kazi hii yote.

Sasa angalia chuma chenyewe. Kwenye kipenyo cha inchi 11/32, yaani mm 8.73, kila sentimita moja ya chuma kisicho na tundu ina takriban gramu 4.7, sawa na greni 72. Shaba ya njano ikichukua nafasi hiyohiyo inatoa greni 78 hivi. Tofauti ni greni 6 tu kwa sentimita. Kwa hiyo chembe cha shaba kinachosifiwa kuwa kizito hakijapata uzito kwa sababu ya shaba, kimeupata kwa sababu ni kirefu. Tangsteni ndiyo ingebadilisha hesabu, maana uzito wake kwa ujazo uleule ni zaidi ya mara mbili ya chuma, lakini kuipata ikiwa imekerezwa kwa ajili ya mishale ya mti ni shida nyingine.

Hivyo kutoka 125 kwenda 190 unaongeza karibu mm 9 za chuma mbele ya mti, na kwenda 300 unaongeza zaidi ya sentimita 2. Urefu huo ni wenzo. Mshale ukigonga ubao au jiwe kwa pembe, chembe kirefu kinalisukuma wano pembeni kwa nguvu kubwa zaidi, na mti hukatika palepale nyuma ya mdomo wa chembe. Kila mtu anayetumia mishale ya mti anaijua hiyo milimita chache inayokatika. Chembe kizito kinaiharakisha, na kikivikwa vibaya kinaifanya iwe jambo la kila siku.

Kilichokerezwa kwa chuma, greni 190

Hiki ndicho cha kununua kama unaweza kukipata kwa kipenyo chako. Kilichokerezwa kwa mashine huwa na tundu lililo katikati hasa, ukuta wenye unene sawa pande zote, na mdomo ulionyooka. Vile vya kubonyezwa au kumiminwa ni nafuu na vinatosha kwa greni 100, ila makosa yake hukua pamoja na uzito: tundu likiwa limeinama kidogo kwenye chembe kifupi huoni kitu, kwenye chembe kirefu ncha inacheza mduara ukizungusha mshale.

Pima vyote kabla ya kugusa gundi. Pakiti nzuri haipishani zaidi ya greni 2 au 3 kati ya chembe chepesi na kizito. Ikipishana 10, usirudishe haraka. Vigawe mafungu mawili, vizito uvipeleke kwenye mawano mepesi na vyepesi kwenye mawano mazito, na jumla itakaribiana. Hata hivyo chembe kilichopinda tundu hakina dawa, rudisha.

Umbo linalofaa ni lenye bega: shina nene nyuma, kisha kinapungua ghafla na kuwa kijiti chembamba chenye ncha. Kijiti hicho hushika mti na mizizi badala ya kuteleza, na bega huzuia mshale usizame mno kwenye kisiki. Chenye umbo la risasi ya bunduki huchomoka kirahisi kwenye sponji lakini huteleza vibaya kikigonga kitu kigumu kwa pembe.

Tundu

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Vipenyo vya kawaida vya mawano ya mti ni vitatu: inchi 5/16 (mm 7.94), 11/32 (mm 8.73) na 23/64 (mm 9.13). Vyote vinaingia chini ya mm 9.3 ambazo World Archery, shirikisho la kimataifa la mchezo wa upinde, imeweka kuwa ukomo wa kipenyo cha wano. Chembe cha 11/32 kitakaa kwenye wano la 23/64 bila malalamiko, kwa sababu mchongoko (mteremko wa koni ya mti inayoingia kwenye tundu) ni uleule. Tatizo ni ukingo wa mti wa mm 0.2 unaobaki kuzunguka mdomo wa chembe. Ukingo huo unachanika nyuzi kila mshale unapoingia kwenye shabaha, na baada ya muda ufa unapanda juu. Ukifanya kinyume, chembe kinene kwenye wano jembamba, mshale unachomoka vizuri mwanzoni, kisha mdomo wa chembe unanasa kwenye sponji na unabaki na mti mkononi huku chuma kiko ndani.

Mchongoko wa kawaida wa mbele ni wa nyuzi (digrii) 5. Kichongeo cha mishale huwa na matundu mawili, hilo la nyuzi 5 na la noki (kipande cha mkiani kinachoshika kamba ya upinde) ambalo ni karibu nyuzi 11. Ukiingiza upande usio wake utapata koni fupi nene, na chembe kitashika mdomoni tu.

Jaribio la kufanya kwenye chembe cha kwanza cha kila pakiti mpya: paka koni ya mti wino wa kalamu ya maka, ivike kwenye chembe kikavu, sukuma na uzungushe nusu mzunguko, chomoa. Wino ukifutika kuanzia chini hadi juu, umepata. Ukifutika karibu na mdomo pekee, koni inapungua haraka kuliko tundu, au tundu limekerezwa karibu nyoofu. Ukifutika kwenye ncha ya koni pekee, koni inapungua polepole kuliko tundu, na chembe kitacheza mdomoni hata ujaze gundi kiasi gani. Gundi haizibi kosa la pembe. Inalificha mpaka mshale wa kumi.

Vyembe vizito vina hila moja zaidi: baadhi ya watengenezaji hupata uzito kwa kufupisha tundu, ili chuma kibaki kingi mbele. Mti unaingia nusu ya kina cha kawaida. Pima kwa njiti ya kiberiti au mkia wa kalipa (kifaa cha kupimia unene na kina). Tundu lenye kina cha chini ya inchi 3/4, yaani mm 19, kwenye chembe cha greni 190 na zaidi halina mti wa kutosha kulibeba. Kwa kasoro hiyo peke yake ningekiacha dukani, hata kama kingine chote ni kizuri.

Vya kujifunga kwenye mti kwa hesi za ndani

Hivi vina tundu lenye hesi zinazojikata zenyewe kwenye mti unapovizungusha. Wasio na kichongeo wanavipenda, na si bure: vinaingia sawa, na ukivipasha moto vinafunguka bila kuvuta. Udhaifu wake uko kwenye bega la mti. Aina nyingi zinataka mbele ya wano ipunguzwe na kuwa kijiti cha unene mmoja, na pale unene unapobadilika ghafla ndipo nguvu zote za pigo hukusanyika. Mchongoko wa nyuzi 5 husambaza nguvu hiyo polepole. Kwa greni 100 hadi 125 tofauti si kubwa. Kwa chembe kizito, kwenye mti laini kama mwerezi wa Port Orford, mishale hukatika mapema. Kama huna budi, tumia mti mgumu zaidi kama Douglas fir, na usizungushe kwa nguvu hadi usikie mti ukilia. Hesi zilizosaga nyuzi za mti hazishiki tena.

Viungo vya kuongeza uzito, na vigeuzi vya hesi

Kiungo cha uzito ni kipande kifupi cha chuma au shaba chenye tundu la nyuzi 5 nyuma na koni ya nyuzi 5 mbele. Unakivika kwenye mti, kisha chembe cha kawaida juu yake. Faida ni kwamba chembe cha 125 unachokwisha kuwa nacho kinakuwa cha 175 au zaidi, na kigumba chako kinaweza kukaa juu ya kiungo hichohicho. Hasara ni maungio mawili badala ya moja. Kila ungio ni nafasi ya kupinda, kwa hiyo kizungushe baada ya kila hatua, usisubiri mwisho. Kwa kazi ya majaribio ni kifaa bora kabisa. Kwa mishale ya kudumu, chembe kimoja kizima kinashinda.

Kigeuzi chenye tundu la koni nyuma na hesi mbele kinakufungulia vyembe vyote vizito vya mishale ya kaboni, na huko greni 200, 250 na 300 ni za kawaida. Ni njia ya haraka kuliko zote. Ila hesi hulegea kwenye shabaha za sponji, maana kila unapozungusha mshale kuuchomoa unaufungua chembe kidogo. Nta kidogo ya upote (kamba ya upinde) kwenye hesi inapunguza tatizo. Kagua kwa vidole kila unapochomoa.

Kuna pia wanaotoboa mbele ya wano na kuingiza kijiti cha shaba cha mm 3. Hesabu inavutia: sentimita 5 za kijiti hicho zina karibu greni 46. Lakini koni ya mti kwenye ncha yake haina unene wa kutosha kuzunguka tundu hilo, na drili ya mkononi haiendi katikati. Isipokuwa una mashine ya kutobolea iliyosimama na kishikio cha kunyoosha wano, achana nayo.

Kabla ya kulipa: wano litaubeba?

Chembe kizito kinalifanya wano lipinde zaidi upote unapoachiwa. Kanuni inayotumiwa na wengi ni hii: kila greni 25 juu ya 125 zinahitaji paundi 5 zaidi za ugumu wa wano. Ugumu wenyewe hupimwa kwa kuning'iniza paundi 2 katikati ya wano lililoegeshwa kwenye nguzo mbili zenye nafasi ya inchi 26. Gawanya 26 kwa inchi ambazo wano limeshuka. Likishuka inchi 0.52, ni wano la paundi 50.

Basi upinde uliokuwa ukipenda wano la paundi 50 na chembe cha 125 utataka la 60 hadi 65 ukivika 190. Ukivika 250, unazungumzia 75. Na hapa mnyororo unaendelea: mawano magumu hivyo mara nyingi yanapatikana kwa kipenyo cha 23/64, si 11/32. Yaani vyembe vizito vya 11/32 ulivyonunua jana havilingani na mawano utakayolazimika kununua kesho. Nunua wano kwanza.

Kujua jibu bila kutumia pesa, chukua gramu 4.2 za waya wa kulehemu, zizungushe juu ya wano nyuma kidogo tu ya chembe cha 125, funika kwa mkanda wa gundi. Hizo ni greni 65. Piga mishale mitatu isiyo na manyoya kutoka mita 10 hadi 15 kwenye sponji laini. Kwa anayevuta upote kwa mkono wa kulia, wano laini mno litatua kulia na mkia wake ukiwa umeelekea kushoto. Wa mkono wa kushoto ageuze. Mkia ukisimama karibu sawa na uelekeo wa mshale, agiza vya 190 ukiwa na amani.

Manufaa yenyewe ni yapi? Chukua mshale wa inchi 29 wenye wano la greni 360, manyoya na noki greni 25. Ukivika 125, kitovu cha uzito kinakaa mbele ya katikati ya mshale kwa takriban 10% ya urefu wake. Ukivika 190 kinafika karibu 15%, 250 karibu 18%, 300 kidogo juu ya 20%. Ed Ashby, ambaye majaribio yake ya upenyaji wa mishale yananukuliwa sana na wawindaji, anahesabu 19% kwenda juu kuwa uzito wa mbele wa kupindukia. Majaribio hayo yalihusu mishale inayopenya nyama na mifupa. Kwa shabaha ya sponji huhitaji kufika huko. Kati ya 12% na 15% mshale unanyooka haraka baada ya kuachiwa, na manyoya yanakuwa na kazi ndogo.

Gharama yake ni kasi. Mshale wa kwanza hapo juu una greni 510, wenye 190 una 575. Upinde uleule utaurusha huo wa pili kwa kasi pungufu ya 4 hadi 6%, na utaanguka chini zaidi kuanzia mita 25 hivi. Anayelenga kwa kutazama ncha ya mshale huenda akaifurahia hali hiyo, kwa sababu umbali ambao ncha inakaa juu ya shabaha yenyewe unasogea karibu.

Kuvika

Mafuta ya mashine ya kukereza ndiyo sababu kubwa ya vyembe kubaki kwenye shabaha. Osha tundu kwa asetoni au spiriti kwa pamba iliyozungushwa kwenye njiti, kisha kwaruza ndani kwa msasa mnene. Koni ya mti isipakwe vanishi. Gundi itashika vanishi, na vanishi itabanduka.

Tumia gundi ya fimbo iliyotengenezewa mishale, kama Ferr-L-Tite ya Bohning, si zile fimbo za kazi za mikono ambazo hulainika ndani ya gari lililoachwa juani. Shika chembe kwa koleo, pasha moto kwenye ncha na siyo mdomoni, huku ukiyeyusha gundi na kuipaka koni kwa tabaka jembamba. Vika, zungusha mara mbili, kandamiza ncha kwenye ubao mgumu.

Chembe kizito kina tabia yake hapa. Kinachukua muda kupata moto, na kikishaupata hakiuachi. Kikiwa cha moto mno kitaunguza koni na kuacha tabaka la mkaa ambalo gundi haishiki. Ukiona moshi, umevuka. Na kwa kuwa kinabaki cha moto, gundi ndani inaendelea kuwa majimaji baada ya wewe kudhani umemaliza. Ukiuegemeza mshale ukutani chembe kitahama. Zungusha mshale kwenye ukucha au viegemeo viwili vya mti, rekebisha ncha isicheze, ndipo uchovye kwenye maji baridi. Gundi iliyotoka pembeni ikishaganda inakatwa kwa kisu, haisuguliwi ikiwa laini.

Epoksi ya sehemu mbili inashika zaidi na inafaa kwa wanaopiga pinde zenye nguvu kwenye sponji ngumu, ambako msuguano wenyewe unapasha chuma. Iache saa 24. Kuivua bado kunawezekana kwa moto, ila ukikawia koni inaungua nayo.

Chuma kisichopakwa rangi wala madini kitaota kutu kuanzia mdomoni, mahali unyevu wa mti unapokutana nacho. Kitambaa chenye mafuta kidogo, baada ya gundi kuganda, kinatosha.

Unapoagiza, muulize muuzaji mambo manne: kipenyo cha mdomo kwa milimita, pembe ya tundu, kina chake, na kama chembe kimekerezwa au kimebonyezwa. Asiyeweza kujibu la kina cha tundu hajawahi kukipima, kwa hiyo agiza kimoja kwanza, kifanyie jaribio la wino, ndipo uagize dazeni. Katika dazeni hiyo ongeza viwili au vitatu vya akiba kutoka fungu hilohilo. Utakavyonunua mwaka ujao vinaweza kuwa na jina lilelile kwenye pakiti na bega la urefu tofauti.